Nahodha Aliyerudi

Walimwita Mkasi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi: alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda kidogo cha sare za shule, na mkono wake ulipita kwenye rundo la kitambaa bila kuyumba. Ya pili ni ulimi. Ukibishana naye, ulitoka hapo umepungua kidogo. Na kama unapenda amani yako, kuna jambo moja hukutakiwa kabisa kubishana naye, nalo ni Anga la Mbali.

Anga la Mbali ilikuwa tamthilia ya zamani ya watu wanaosafiri kati ya nyota kwa meli yenye kutu, wakiongozwa na Nahodha mwenye kovu shavuni na msaidizi wa chuma asiyejua mzaha. Ilionyeshwa enzi ambazo mwenye televisheni alijulikana mtaa mzima, kisha ikapotea. Waliobaki wakiipenda walikuwa wachache hata wakatoshea katika duka moja, la Fundi, mtengenezaji wa televisheni. Kila Jumapili mchana Fundi alishusha mlango nusu, akasukuma kando televisheni zilizofunguliwa matumbo, akapanga viti vinne: chake, cha Mkasi, cha mwalimu mstaafu wa hesabu, na cha msambazaji wa maziwa ambaye hata mkewe alimwita Maziwa.

Mara moja kwa mwaka walifanya uchaguzi. Kila mtu alisimama mbele ya meza ya kazi, akataja kipindi kilicho bora na kilicho kibovu kuliko vyote, akavitetea. Aliyeridhika na hoja aligonga meza. Kibovu kilichoshinda kilipelekwa kabatini, yaani kilikuwa mwiko kukitaja mpaka mwaka mwingine. Na yote haya waliyafanya kwa kumbukumbu tupu, maana hakuna aliyekuwa na picha zenyewe. Mtu aliweza kuongopa kwa mwaka mzima na asijue kuwa anaongopa.

Maziwa alipenda kile ambacho msaidizi wa chuma anafanywa mfalme wa sayari kwa siku moja, akawapanga raia wote foleni kwa urefu. Alichokichukia ni kile cha mazimwi ya barafu, kwa sababu zimwi kubwa lilipogeuka ilionekana zipu mgongoni. Fundi alipenda chochote ambacho injini inaharibika. Mwalimu alisifu kesi ya Nahodha mbele ya baraza, na kila mwaka, bila kukosa, alipendekeza Mnara wa Taa upelekwe kabatini.

Hapo ndipo Mkasi alipopandisha mori, maana Mnara wa Taa ndicho kilichokuwa bora kwake kuliko vyote.

"Ni kipindi cha ukatili," Mwalimu alisema kila mwaka. "Mtoto anaachwa."

"Mwalimu, ulisinzia kabla ya mwisho," Mkasi alimjibu kila mwaka. Na kwa kuwa Mwalimu kweli alikuwa mtu wa kusinzia, watu walicheka, na hoja yake ikaishia hapo.

Basi mwaka huu Fundi akapata flashi yenye tamthilia nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Aliishika kwa vidole viwili kama yai. Wakakubaliana kwamba kabla ya uchaguzi watazame kwanza Mnara wa Taa, ubishi wa Mwalimu na Mkasi ukome. Mkasi alivuta kiti chake mbele. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuona wenzake wakiaibika.

Kilikuwa kilekile. Sayari ya ukungu, mnara, na binti mdogo anayewasha taa ili meli zisigonge miamba. Wakubwa wake wamekufa wote. Nahodha anatua, anapakia wagonjwa aliowaokota njiani, meli inajaa. Anapiga goti mbele ya binti. Mkasi hakujua lugha ile ya kigeni, lakini alijua maneno yale tangu utotoni: weka taa ikiwaka, nitarudi kukuchukua. Halafu Nahodha anaondoka, siku zinapita, taa inawaka. Meli inaonekana tena kwa mbali. Mkasi akawatupia wenzake jicho.

Katika meli, msaidizi wa chuma akaonyesha mshale wa mafuta. Nahodha akatazama taa ile ndogo dirishani, akainamisha kichwa, akatoa amri. Meli ikapita. Taa ikawa nukta, nukta ikazimika, muziki ukaanza kulia na majina yakapanda.

"Rudisha," Mkasi alisema.

Fundi akarudisha. Meli ikapita tena.

"Wamekikata. Hapa meli inageuka. Nahodha anapanda ngazi za mnara anahema, anamwambia mtoto, 'Nimechelewa, njiani kulikuwa na foleni.' Halafu anambeba mgongoni."

"Foleni angani?" Maziwa aliuliza.

"Ni utani wa Nahodha. Hujawahi kumwelewa yule."

Fundi alisema kwa upole kwamba hapajakatwa kitu, muziki ule ulikuwa wa mwisho. Mwalimu alikaa akitazama viatu vyake. Hakufurahia ushindi, na hilo lilimuudhi Mkasi kuliko kama angecheka. Huruma ya nini? Kwani Mkasi amefiwa?

"Dada, uliona kwa macho yako?" Maziwa akauliza.

Hili Mkasi hakuwahi kuwaambia, kwa sababu hakuona haja. Televisheni ilikuwa ya jirani, na jirani hakuruhusu watoto wa watu sebuleni. Kaka yake alisimama nje, ameshika nondo za dirisha, na yeye alikuwa mfupi mno kulifikia, kwa hiyo alikaa chini kwenye ndoo iliyofudikizwa, mgongo ukutani. Alisikia milio na muziki kutoka ndani. Kaka alimwambia kila kilichopita: sasa wanatua, sasa zimwi linatoka, sasa Nahodha anasema hivi. Hivyo ndivyo alivyotazama Anga la Mbali yote, na usimwambie hakuitazama.

"Niliona kwa macho ya kaka yangu," alisema. "Na ni mazuri kuliko yako."

Maziwa akacheka. Si mtu mbaya, Maziwa, ila mdomo wake hauna mlango. "Njia ya mwongo ni fupi, dada. Kaka alikupiga changa la macho."

Mkasi akasimama. Unaweza kumwambia Mkasi kwamba amezeeka, kwamba hajui kupika, kwamba sare za kiwanda chao zinapwaya. Lakini kaka yake alimlea. Alimfulia, alimpeleka shule akiwa amemshika mkono, alikosa mengi ili yeye asikose. Leo mtu mwenye harufu ya maziwa yaliyochacha amwite mwongo?

"Jumapili ijayo nakuja naye," alisema. "Akithibitisha, mtamwomba radhi mmoja mmoja, mbele yangu. Asipothibitisha, hamtaniona tena hapa." Akainama chini ya mlango ule wa nusu, akagonga kichwa, na hakuwapa raha ya kumsikia akisema aa.

Kesho yake, mapumziko ya mchana, alimfuata kaka kazini. Kaka alifanya kazi ya kupaka rangi majengo, na wiki hiyo alikuwa anapaka ukumbi wa zahanati. Mkasi alimkuta juu ya ngazi, akamweleza yote kutoka chini, shingo imekunjika, kama zamani pale dirishani.

"Mambo ya utotoni hayo, mdogo wangu," kaka alisema bila kugeuka. "Achana nayo."

"Siachani nayo. Wamekuita mwongo."

Brashi ikasimama. "Wamesema hivyo?"

"Kwa maneno hayohayo. Nimeshawaambia usipokuja kuthibitisha, sirudi tena."

Kaka alishuka ngazi polepole. Akaanza kufuta brashi kwa kitambaa, akaifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Mkasi alidhani ni haya. Kaka hakuwa mtu wa mabaraza. Hata harusini alipenda kukaa karibu na mlango.

"Nitakuja," alisema mwishowe.

Jumapili alikuja amevaa shati lake la heshima, rangi nyeupe bado ipo pembeni ya kucha. Fundi alimpa kiti chake mwenyewe. Maziwa alimsalimu kwa adabu iliyozidi kidogo. Mkasi alisimama nyuma ya kaka, mikono kifuani, kama wakili ambaye kesi yake imekwisha kabla haijaanza.

"Weka picha, Fundi," alisema. "Atawaonyesha mahali ilipokatwa."

Fundi akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usiwashe," kaka alisema. "Hapana haja. Nahodha hakurudi."

Mkasi alidhani hakusikia vizuri. "Kaka."

"Hakurudi, mdogo wangu. Nilimrudisha mimi."

Mkasi akazunguka kiti, akasimama mbele yake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kuvutia.

"Umeniacha nibishane miaka yote hii? Nimemwita huyu mzee msinziaji mbele za watu. Nimetukana watu wazima. Wewe unajua, umekaa kimya?"

"Nilitaka kukwambia ulipokuwa mkubwa," kaka alisema. "Lakini ulikuwa unaisimulia vizuri sana. Mara nyingine niliiamini mwenyewe."

"Kwa nini lakini? Vingine vyote ulinisimulia kama vilivyo. Hata kile ambacho rubani anakufa, ulinambia amekufa."

Kaka alitazama kucha zake. "Unakumbuka siku ile mama alikuwa wapi?"

Mkasi alikumbuka. Mama alikuwa hospitali. Alikuwa ameondoka asubuhi moja na mfuko wake wa nguo, akamwambia atarudi, na awe mtoto mzuri.

"Shangazi alikuja mchana," kaka alisema. "Aliniita nyuma ya nyumba, akaniambia mama hayupo tena. Akasema wewe usiambiwe mpaka kesho, watu wafike kwanza. Sikujua nikufanyie nini siku hiyo mpaka ifike kesho. Nikakupeleka dirishani, nikajua hapo utacheka. Kikaja hicho. Wewe uko kwenye ndoo unaniuliza, kaka, anarudi? Kaka, mbona kimya, anarudi? Nikasema anarudi. Ningesemaje? Meli inageuka, nikasema. Ukauliza mbona amechelewa, nikasema foleni."

Hakuna aliyecheka.

Mkasi alikumbuka basi na yale ambayo hakuwahi kuyaunganisha: sauti ya kaka ikitetemeka, na yeye akidhani ni kwa ajili ya uzuri wa kipindi. Na walipomaliza, kaka alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, ingawa alikuwa mkubwa wa kutosha kutembea, na ingawa kaka mwenyewe alikuwa mtoto. Kaka alikuwa amefiwa tangu mchana. Alisimama pale ameshika nondo, amefiwa, anasimulia nyota.

Alitafuta mtu wa kumkasirikia. Kwa kaka hasira ilikosa pa kukaa. Kwa shangazi ilikaa kidogo, lakini marehemu hajibu. Mwisho akawaona waliostahili, wale waliokitunga kipindi, nyuma ya kioo kilichozimwa cha televisheni ya Fundi, na hasira yake ikarudi nzima.

"Fundi, zamu yangu ya uchaguzi."

"Dada, leo tunaweza kuahirisha."

"Siahirishi." Akaenda mbele ya meza ya kazi. "Kibovu kuliko vyote ni Mnara wa Taa. Mwalimu, naomba radhi, ulikuwa macho kumshinda kila mtu hapa. Watu wazima walikaa chumbani, na karatasi, na viti, na mshahara, wakaandika kwamba mtoto aliyeahidiwa aachwe gizani kwa sababu ya mafuta. Mafuta! Meli waliitunga wao, na mafuta waliyatunga wao. Wangeshindwa nini kuongeza tone? Mtoto mwenye msiba, anayening'inia dirishani kwa watu, aliona mara moja kwamba haifai, akaitengeneza palepale. Wao hawakuona. Kiende kabatini, na ufunguo utupwe."

Mwalimu akagonga meza, taratibu.

"Na kilicho bora?" Fundi aliuliza.

"Mnara wa Taa."

Maziwa alikuna kichwa. "Sasa dada, hakiwezi kuwa kabatini na mezani kwa wakati mmoja."

"Kinaweza. Cha kabatini ni hicho kilicho kwenye flashi ya Fundi. Kilicho bora hakijawahi kuwa humo." Akachukua kiti chake, akakigeuza, akakaa mgongo kwa televisheni, uso kwa kaka yake. "Nyinyi watatu hamjakiona bado. Kaka, waonyeshe. Anzia pale taa inapowaka."

Kaka alisafisha koo. Alitazama mlango, akaona ni mbali. Kisha akasimama nyuma ya kiti alichokuwa amekalia, akashika mgongo wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika nondo, akaanza kwa sauti ya chini. Kuna ukungu, alisema. Binti amechoka, lakini taa haijazimika. Meli ile kule, kwa mbali. Msaidizi wa chuma anaonyesha mshale wa mafuta. Nahodha anatazama dirishani.

Akanyamaza hapo.

"Kaka," Mkasi alisema, "anarudi?"

"Anarudi," kaka alisema. "Meli inageuka."

Maziwa ndiye aliyetangulia kugonga meza, na aligonga kwa viganja vyote viwili, akitazama pembeni.