Mke Mwenza Botini

Mwaka wa tisini na saba, Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, sisi wa kijiji kilicho upande wa pili wa hifadhi ya sokwe hatukuwa na usafiri wa kwenda Kigoma. Boti za abiria zilikuwa zikibeba wakimbizi, na hilo hatukulilalamikia, kwani nusu yao walikuwa ndugu zetu. Kilichoniudhi mimi Scola, muuza mawese, ni boti ya kasi ya hifadhi. Ilitupita ufukweni tukikanyaga mawe na madumu kichwani, yenyewe imebeba wageni wawili tu, inanguruma mpaka sokwe wanakimbilia milimani. Na wageni wenyewe wamekuja kuona sokwe! Aliyepanga mambo hayo sijui alikuwa amelala usingizi wa namna gani.

Ndipo Bwana Leodgar, mkuu mpya wa hifadhi, akaja na wazo lake. Boti moja ya mbao, mashine ndogo isiyo na kelele wala kiu ya petroli, wageni na wenyeji wakae pamoja. Tungejaribu safari moja. Wageni wakiridhika, itakwenda kila Jumatano. Wakilalamika, turudi kwenye mawe yetu.

Aliyeitaka boti hiyo kuliko sote ni Bibi Mwanvua. Binti yake Kurwa, aliyeolewa Kongo, alikuwa amevuka na mtoto wake wa kiume wakapelekwa kambini, huko Kasulu. Mjukuu huyo Bibi hakuwahi kumtia machoni. Na magoti yake hayakuwa tena ya kutembea juu ya mawe siku nzima.

Kwa hiyo tulijiwekea masharti: hakuna mbuzi, hakuna dagaa wabichi, hakuna kutema mate, na Bibi Mwanvua afunge mdomo. Hilo la mwisho nililiweka mimi, maana namjua.

Alijitahidi, maskini. Mbele yake walikaa wageni wawili vijana waliooana majuzi, Patrick na Margareta, pamoja na Dismasi, mwongoza wageni. Tulipopita rasi ya kwanza Patrick akamsogezea Bibi begi lake aegemee. Hapo tu ndipo mambo yalipoharibika.

"Asante, mume wangu," Bibi akasema. "Na huyu binti umemtoa wapi bila kuniaga?"

Kwetu kijana wa umri wa mjukuu ni mume wa bibi, mkewe ni mke mwenza, na utani wao hauna mwisho. Dismasi alilijua hilo tangu utotoni. Lakini Bwana Leodgar alikuwa ameketi palepale, hofu ikamwingia Dismasi, akatafsiri neno kwa neno kama karani wa mahakama.

Margareta akageuka kumtazama mumewe. Patrick akaapa kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kufika Afrika.

"Bibi, huyu dada anauliza mlioana lini," Dismasi akasema, jasho likimtoka.

"Mwambie kabla yeye hajaota meno."

Hilo nalo akalitafsiri! Nilimfinya Bibi, nikamfokea Dismasi, "Si useme ni utani, we mwanamume!" Akafungua mdomo, lakini Margareta alikwisha kusimama. Boti ikayumba. Marselino, nahodha wetu, akapiga kelele watu wakae. Bwana Leodgar akafumba macho. Niliumia moyo, maana niliona Jumatano zetu zote zikizama.

Margareta akaja kujibana kati yangu na Bibi. Akatutazama, jinsi wanawake wote tulivyojiziba midomo kwa kanga, kisha akasema jambo. Dismasi akamgeukia Bibi.

"Anasema, kama wewe ndiye mke mkubwa, mbona soksi anafua yeye peke yake?"

Boti nzima iliangua kicheko. Bibi akamkumbatia. "Mwambie mimi nimeshastaafu! Na akikoroma, ampige kiwiko."

Tulipofika Kigoma, Bwana Leodgar akawauliza wageni kama wana lalamiko. Margareta akasema analo: kwa nini boti iende mara moja tu kwa wiki? Bwana Leodgar, ambaye hatujawahi kumwona akicheka, alicheka.

Bibi akapanda lori la kwenda Kasulu kupitia Kidahwe. Jumatano iliyofuata boti ilimrudisha, nami nikampokea ufukweni.

"Mumeo wa Kasulu hajambo?" nikamtania.

Hakucheka. Aliketi juu ya dumu langu la mawese. "Nilimwita mume wangu, Scola. Akajificha nyuma ya mama yake. Akauliza, huyu bibi ni nani?"

Nikaketi kando yake. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia Marselino aliyekuwa akifunga kamba.

"Wewe, Jumatano ijayo niwekee nafasi. Na ile nyingine. Na ile nyingine. Mpaka anijue."