Figo Hazina Methali

...na moyo, basi, moyo ulishapata sifa zake za kutosha, anawaza akivitazama viazi vikijigongagonga kwenye maji ya kwanza, kuna moyo wa jiwe, moyo mweupe, moyo kunjufu, moyo ukipenda wanatunga nyimbo, ukivunjika wanatunga nyingine, hata maini yana lake, mtu akisema amekatwa maini humuulizi zaidi, na nyongo nayo, mambo yakiharibika si yametumbukia humo, ila figo, nani aliwahi kumwambia mwenzake nakupenda kwa figo zangu zote, hakuna, zimekaa huko mgongoni kama wafagizi wa ofisi, hakuna anayewajua mpaka siku wasipokuja, methali wamepewa mafiga, chungu hakikai ila kwa mafiga matatu, sawa, yeye figo anazo mbili na zote zimechoka, chungu kitakaa wapi... Mumewe anaita kutoka bafuni, kitu kuhusu sabuni, au dada yake, wifi wa watu, kwamba atakuja Jumapili, anamjibu ndiyo, ndiyo ni jibu linalotosha maswali mengi ya bafuni. Maji haya ya kwanza atayamwaga, ndivyo alivyofundishwa na yule binti wa lishe pale kliniki, viazi unavimenya, unavikata vidogo, unavichemsha, unamwaga, unavichemsha tena kwa maji mapya, ili potasiamu itoke, mama, maana figo zako haziwezi tena kuitoa, ikizidi kwenye damu moyo unasimama, tena moyo, na yeye alitaka kucheka kwa sababu miaka yote ya kupika kantini ya kiwanda amezipasua figo za mbuzi kwa mkono huu huu, anatoa ule uzi mweupe wa katikati, anaziloweka, anamwaga maji, anaziloweka tena, harufu ya mkojo iishe, leo anayelowekwa ni kiazi na anayenuka ni yeye... Hajakosea hata siku moja. Ndizi mbivu ameacha, maharage ameacha, nyama kipande cha kuonyeshana, chumvi, ee, chumvi, mpishi bila chumvi ni fundi cherehani bila uzi, wale vijana wa kiwandani walimwita Ulimi kwa sababu alikuwa akichovya ncha ya kijiko tu anakwambia chungu kinakosa nini, na Ulimi akaja kukaa mezani anatafuna viazi vyenye ladha ya karatasi, mume naye anatafuna vilevile, anasema vitamu sana, mama watoto, muongo yule, alikuwa akitamani kumrushia sahani. Ila mwezi huu, hilo hajamwambia mtu, mwezi huu ladha ilirudi. Kidogo. Jioni moja tu kiazi kikawa na kitu, upande wa ulimi, uchungu kidogo nyuma yake lakini kitu, akajiambia ndiyo hivi mwili unavyozoea, kama ulimi umefufuka kwa nini figo zisifufuke, akala akamaliza, mume akamtazama kwa furaha ya mtu aliyefungua kufuli gumu... halafu juzi daktari akashika majibu ya damu, potasiamu imepanda sana, mama, unakula nini, akasema nakula mlivyoniambia, daktari akamtazama kwa yale macho ya kumtazama mtoto mwenye sukari mdomoni, basi tupime tena Jumatatu, ikiwa hivi tunaanza mashine ya kusafisha damu... Upepo wa dirishani umezima moto. Moto huu nao. Kiberiti hakipo mahali pake, kitakuwa kwenye sanduku la vifaa, mumewe ni fundi funguo, hufukiza funguo kwa moshi wa kiberiti ili aone pa kuchonga, halafu harudishi kitu, anainama, mgongo unalalamika, anasukuma tupa, anasukuma funguo ambazo hazijachongwa, kiberiti hiki hapa, na chini ya kiberiti paketi. Nyeupe. Imekunjwa mdomo kwa ustadi na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Chumvi nyepesi, imeandikwa, rafiki wa moyo, na moyo wenyewe umechorwa mwekundu unatabasamu, na nyuma, kwa herufi za chawa, anaisogeza dirishani, kloridi ya potasiamu... anasoma tena, kama hesabu isiyokubali. Imebaki robo. Kwa hiyo ni kila jioni, akienda kujinyoosha kitandani na mume akisema lala wewe, mimi nitaangalia jiko, jamani, kumbe kuangalia jiko ndiko huku, mtu mzima amekwenda dukani akauliza chumvi ya mgonjwa, akapewa ya mgonjwa mwingine, akanyunyiza kwa vidole vyake vya ufundi, kidogo kidogo, kisha akakaa kumtazama anavyokula. Na ulimi haukufufuka. Hilo ndilo linalomkaa kooni, si mashine, si kusimama kwa moyo, ulimi haukurudi hata siku moja, ilikuwa paketi, na figo hazikuwa zikisikia lolote isipokuwa sumu ya mtu anayempenda... Amwambie. Lazima amwambie, na akimwambia atabaki na mume asiyethubutu hata kumpa maji, atakayekaa naye hospitali akiitazama mashine kama kitu alichokinunua yeye. Asipomwambia, leo jioni atanyunyiza tena. Itupe basi, useme panya, lakini atanunua nyingine, mwenye mapenzi hakosi duka. Na hata ikitupwa, daktari alishasema mwanzoni, chakula kinachelewesha, mama, hakirudishi, yeye akasikia kuchelewesha akaelewa kurudisha, kila mtu husikia anachokitaka, viazi hivi vimechemshwa mara mbili mbili kumnunulia mtu jioni chache zisizo na ladha... Anawasha moto. Maji yanatulia kwanza, kisha mapovu madogo yanaanza kupanda pembeni ya sufuria, yaleyale, maji ya kwanza bado. Paketi ameishika mkononi. Mlango wa bafu unafunguka, mumewe anapita na taulo mabegani akinuka sabuni, karibu amkute nayo, hakuiona, au aliiona, anasimama mlangoni anatabasamu kama ule moyo wa kwenye paketi.

"Umeonja, Ulimi?"

"Bado," anasema.