Limefungwa na Nani?

Tik. Halafu zzz, fupi, kama nzi aliyefunikwa na kikombe.

Umeme ulikuwa umekatika, tukiwa ndiyo kwanza tumemaliza kula. Nilikuwa jikoni, mikono imo kwenye beseni la vyombo, nikatulia nisikie vizuri. Panya hukwaruza, na bomba letu hudondosha. Hii haikuwa sauti ya panya wala ya bomba.

"Mama," nilimwita mama mkwe wangu aliyekuwa sebuleni, "umesikia?"

"Nimesikia. Nilidhani ni meno yangu."

Nilijifuta mikono, nikawasha tochi ya simu. Juu ya meza ya sebuleni, lori jekundu lilikuwa pale pale nilipoliweka mchana, ila magurudumu ya mbele, niliyoyaacha yamenyooka, yalikuwa yamekunjwa kushoto. Kushoto ndiko uliko mlango wa chumba cha mtoto.

Lori lenyewe ni la kuchezea, ukubwa wake kama paka aliyeshiba, lakini si yale magari ya plastiki ya kuburuta kwa kamba. Lina injini ya kweli inayoenea kwenye kiganja, inakunywa mafuta maalumu yaitwayo nitro na kulia kama pikipiki, na unaliongoza kwa rimoti. Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki. Alimwahidi binti yetu lori la namna hiyo siku atakapotimiza miaka saba. Siku ikafika, mwenye ahadi hayupo.

Tangu tulipomzika baba yake, mtoto hajatamka neno. Daktari alimpima koo na masikio, akasema kila kitu ni kizima. "Atasema akiwa tayari," alituambia. Hilo neno tayari nililishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Baba yake alikuwa akimwita Mchwa, kwa kuwa hakuna kitu alichokiacha kizima: saa ya ukutani, redio, hadi bawaba za kabati. Sasa Mchwa hagusi kitu. Unampa kikombe anakunywa, unamvua viatu anavuliwa.

Kwa hiyo nililitaka lori lile kuliko alivyolitaka yeye.

Mwenye duka, rafiki wa marehemu, alituwekea makasha mawili kwenye kaunta. Lori lilikuwa lile lile, tofauti ni moja.

"Hili ni vipande vitupu, shemeji," alisema. "Unafunga mwenyewe, skrubu kwa skrubu. Na hili limeshafungwa. Unatia mafuta, unawasha, linaondoka."

"Limefungwa na nani?" aliuliza mama mkwe.

Mwenye duka alicheka. "Kiwandani, mama! Kufungwa huku si kule kwa waganga unakokufikiria wewe."

"Mimi sijasema nafikiria nini. Nimeuliza ni nani. Vyaelea, vimeundwa. Haya, mwundaji nani?"

"Mashine, mama."

"Mashine nayo imefungwa na nani?"

Mwenye duka aliniangalia mimi kwa macho ya kuomba msaada. Mimi nilishaamua moyoni: lililo tayari. Kazi yangu ni cherehani, injini naijua kwa kelele tu. Tena nilijiambia kwamba mtoto akilisikia likinguruma, koo litashtuka, na kilichokwama kitatoka. Mwenye duka aliona bado nasita kwa heshima ya mkwe wangu, akasema, "Chukueni yote mawili. Mtoto mwenyewe achague. Litakalobaki mnirudishie." Akakata utepe wa kasha la lile lililofungwa mbele yetu, tukaliona lori limelala ndani, linang'aa kama gari la bwana harusi.

Nyumbani Mchwa alilipita kasha la vipande kama anavyopita kiatu cha mgeni. Akakaa mbele ya lililofungwa. Basi.

Jioni ile ya kwanza nilijipa jibu. Chini ya bodi kuna betri nne za kulisha kimota kinachokunja magurudumu, na mimi nilikuwa nimezitia mwenyewe mchana, nikasahau kuzima swichi. Mwalimu wetu wa sayansi, kwenye masomo ya jioni, alitufundisha kuwa mawimbi ya redio hayana adabu, yanaingia nyumba ya mtu bila hodi. Labda jirani ana rimoti ya geti. Nilizima swichi, nikayanyoosha magurudumu, nikalala usingizi mzuri.

Jioni iliyofuata, kabla sijawasha taa, tik. Swichi ilikuwa imezimwa, na magurudumu yanatazama kushoto.

Nilizitoa betri zote nne, nikazifungia kwenye kopo la sukari.

"Sasa utakunywa chai inayopiga shoti," mama mkwe alisema. Lakini hakucheka, na jioni ile alivuta kiti chake mbali na meza.

Siku ya tatu nilichelewa kurudi kutoka kazini. Sebule ilikuwa imeshaingia giza, mama mkwe amesinzia kwenye kiti. Nikasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Harufu ndiyo iliyonisimamisha: mafuta yaliyoungua, harufu ya ovaroli ya mume wangu iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango huu. Mafuta ya lori hatukuwa tumenunua bado. Tangi lilikuwa kavu kama lilivyotoka dukani.

Mchwa alikuwa sakafuni. Lori nalo lilikuwa sakafuni, na sikumwona aliyelishusha. Walikuwa wametazamana.

Tik, zzz. Magurudumu yakakunja kushoto.

Midomo ya mtoto ikatikisika.

Tik, zzz. Yakarudi.

Midomo ikatikisika tena.

Nisiseme uongo, kilichonijia kwanza ni furaha. Midomo ile haikuwa imetafuta neno tangu siku ya mazishi. Nilipiga magoti taratibu, kama mtu anayenyatia kipepeo. Kule kiwandani kwetu tunashona kwa mashine arobaini kwenye chumba kimoja, hakuna masikio yanayofanya kazi mle. Tunasengenyana kwa kusomana midomo, na hakuna umbea unaotupita. Kwa hiyo nilimsoma mwanangu bila taabu.

Alikuwa anasema: Nakuja.

Tik.

Nakuja.

Nililinyakua lori. Lilikuwa na joto, tumboni, pale injini inapokaa. Nikawasha taa na kuligeuza, nikitafuta sijui nini, na hapo ndipo nilipoona. Juu ya kila skrubu palikuwa na tone dogo la rangi ya zambarau.

Rangi ile naijua. Niliichanganya mwenyewe, masalia ya chupa mbili, nyekundu na buluu, wiki ya harusi yetu, kwa kuwa sikupata rangi ya kucha iliyofanana na gauni. Baada ya harusi mume wangu alikichukua kichupa chake akaenda nacho gereji. Kila skrubu aliyoifunga aliipa tone moja. "Skrubu usipoitia nanga inatembea," alikuwa akisema. Kichupa kile kiliisha angali hai. Nilikitupa mimi.

Nilimpigia mwenye duka. "Lile kasha limekuja lini?"

"Juzi juzi tu, shemeji. Na utepe wa kiwanda niliukata mbele yenu. Kwani lina hitilafu?"

"Hapana," nilisema. "Limefungwa vizuri."

Mama mkwe alikuwa ameamka. Aliichukua miwani yake, akalitazama tone moja, akatazama la pili.

"Liache," alisema. "Ni mwanangu."

"Mama, si wewe uliyekuwa hulitaki?"

"Sikujua amelifunga nani. Sasa nimejua. Utamfukuza mtu nyumbani kwake?"

"Mama, amesema nini Mchwa, unajua? Amesema nakuja. Anamwambia baba yake nakuja."

Nilipiga magoti mbele yake, nikamshika miguu. "Mimi pia namtaka, mama. Usiku nanyoosha mkono naukuta ukuta. Lakini mtoto huyu akienda, sisi wawili tutabaki kumtazama nani?"

"Basi lirudishe dukani."

"Likamwite mtoto wa nani?"

Mama mkwe akainuka, akaingia chumbani kwake, nikasikia kitu kizito kikiburutwa kutoka uvunguni. Lilikuwa sanduku la zana la mwanawe. Hakuna aliyekuwa amelifungua tangu lirudi kutoka gereji.

"Kilichofungwa," alisema, akiliweka miguuni pangu na kuhema, "hufunguliwa. Hata mimba."

Nilitandika kitambaa cheupe sakafuni, kile cha kukatia nguo. Nikaliweka lori katikati. Nilichagua bisibisi ndogo, na kwa kuwa kwenye mambo hayo mimi ni mtupu, niliiweka kwenye kiganja cha Mchwa. Vidole havikuishika. Niliufumba mkono wake kwa mkono wangu, tukaisukuma ncha ndani ya skrubu ya kwanza, pamoja. Tone la zambarau lilipasuka, kak, kama ganda la yai. Skrubu ikalegea.

Ya pili tulishika pamoja. Ya tatu nilihisi mkono wake unatangulia wangu. Nikaachia.

Mchwa akawa mchwa. Bodi ikatoka, magurudumu yakatoka, springi nne, tangi kavu. Bibi yake alimulika kwa tochi na kupanga vipande kwenye mistari, akivifuta kimoja kimoja kwa upindo wa kanga, kama unavyomfuta mtoto pua. Tulipofungua plagi kichwani mwa injini, hewa ilitoka taratibu, fyuu, yenye ile harufu. Bibi alifumba macho.

Mwisho kilibaki kile kimota cha kukunja magurudumu. Hakina waya, hakina betri, kimelala peke yake pembeni mwa kitambaa na mkono wake mdogo mweupe wa plastiki.

Tik.

Mkono ule ulizunguka. Haukwenda kushoto. Ulizunguka ukaelekea mlango wa nje, ukasimama hapo.

Mchwa aliinua kichwa. Aliutazama mlango jinsi unavyomsindikiza mtu kwa macho hadi akate kona. Mimi nilimshika mama mkwe, au yeye alinishika mimi. Harufu ilikuwa imeondoka. Nje mtu alikuwa akifunga dirisha lake, na mbali kidogo pikipiki iliwaka, ikaenda, mpaka haikusikika tena.

Mtoto alirudisha macho kwenye vipande. Akaokota skrubu moja, akakwangua kwa kucha mabaki ya rangi, akanipa.

"Mama," alisema, "sasa tulifunge sisi."