Ahadi Aliyoitoa Method

Valeria aliwauliza wanachuo wake swali analowauliza kila mwaka walimu watarajiwa: mtoto akikwambia ana siri, ukiapa hutaitoa ndipo akueleze, utamjibu nini? Darasa zima likaitika kwamba mwalimu haapi. Ni Method tu, kijana wa Moshi aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya Tottenham, London, aliyeinamisha kichwa kama mtu aliyetoneshwa kidonda.

Wenzake walipotoka, alibaki kitini.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, "mimi nimeshaapa."

Valeria akafunga mlango.

Method akaeleza kwamba jana yake Lorraine, mwanafunzi wake wa Kikenya, alimwonyesha mkono uliobabuka. Baba wa kambo alikuwa amemchoma kwa pasi. Akamsihi asiseme, maana kibali cha ukaazi cha mama yake bado kilikuwa ofisi ya uhamiaji, Croydon, na mama aliingia nchini kwa mgongo wa mume huyo.

"Nikisema, mama yake atarudishwa. Kaniamini kwa sababu naongea Kiswahili."

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Shuleni. Huyo baba ndiye anayemfuata."

Muda wa kutoka shule ulikuwa umekaribia.

"Mpigie mwalimu wa usalama wa watoto pale shuleni."

"Piga wewe, Mwalimu, nakuomba."

"Mkono umeuona wewe."

"Ataniona msaliti."

"Atakuona. Piga."

Simu iliita mpaka ikakatika. Method akamtazama kama anayeomba yaishie hapo.

"Tena," Valeria akasema.

Safari hii mwalimu huyo alipokea. Method alieleza yote. Kisha wakakaa wakiikodolea macho simu mezani, hakuna aliyethubutu kwenda hata msalani. Ilipolia, Method aliidaka. Lorraine alikuwa ametolewa darasani mapema, yuko salama ofisini. Baba alikuwa getini anafoka, na polisi walikuwa njiani.

Mama na binti walihamishiwa nyumba nyingine. Wakili aliichukua kesi ya kibali, na hadi leo haijulikani itaishaje. Lorraine alirudi shuleni, lakini Method akimsalimu kwa Kiswahili, humjibu kwa Kiingereza, tena bila kumtazama.

Method alipomsimulia Valeria hayo, machozi yalimtoka.

"Nimefanya sawa, Mwalimu?"

"Umefanya sawa, mwanangu."

Akampa kitambaa, akavuta kiti karibu, akamwacha alie.