Simu ya Ziwani

Rispa alikuwa amewaapia wageni kwamba kilimani kwao hakuna taa hata moja. Aliya, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Migori na kiongozi wa kundi la watazama nyota, alimwuliza mara mbili kwa simu, naye akajibu bila kusita kuwa stima haijafika huko. Hakudanganya. Taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wanaovutwa usiku kwa mwanga, hakuzihesabu, maana kwa mwanamke aliyeolewa ufukweni zile si taa, ni waume za watu wakiwa kazini.

Wageni wakaja na darubini zao wikendi isiyo na mwezi. Ijumaa mvua iliwafungia ndani, wakala samaki wakatazamana. Walichokifuata ni nyota yenye mkia, iliyoonekana chini kabisa juu ya ziwa mara jua likishazama. Jumamosi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Baada ya hapo ingetokomea, na hakuna aliye hai ambaye angeiona tena. Rispa naye aliitamani kuliko wote. Tangu mwalimu alipoichora ubaoni kwa chaki, ikafanana na ufagio, hakuwahi kuisahau.

Jumamosi anga ikatakata. Jua likazama, na giza lile lile walilolifuata wageni ndilo wanalolipenda omena. Taa zikawaka ziwani kutoka pembe hadi pembe, na ukungu ulioachwa na mvua ukang'aa wote. Aliya alichungulia, akajiondoa taratibu kwenye darubini.

"Mama Monicah, hizo taa zinaifunika," alisema kwa upole, na upole ule ukamchoma Rispa kuliko lawama.

Akatoa simu. Wanawake wa ufukwe ule hawampigii mume akiwa majini. Simu ya ziwani hufungwa kwenye karatasi ya plastiki, na ikilia, kuna msiba. Rispa aliyajua hayo vizuri, lakini tamaa ya nyota ilikuwa imemjaa kichwa. Akapiga.

"Ng'a motho?" mumewe Jacktone aliuliza kabla ya salamu. Nani amekufa?

Hapo ndipo Rispa alipomkumbuka mama mkwe wake, aliyelazwa hospitalini Homa Bay.

"Hakuna aliyekufa, Baba Monicah. Ni nyota."

"Nyota imefanya nini?"

Akamweleza huku akijikwaa kwa maneno, akamwomba wazime taa kidogo tu, yeye na wenzake. Alijua anachoomba: omena waliokwisha kukusanyika wangetawanyika.

"Rispa, umenipigia huku juu ya nyota," Jacktone alisema, na simu ikakatika.

"Nimejaribu," alimwambia Aliya. Aibu ilimshika hata akashindwa kuwatazama wageni.

Kisha taa moja ikazimika karibu na kisiwa cha mawe, anakovulia Jacktone. Ikafuata ya jirani yake, na nyingine, kama habari inayopita mdomo hadi mdomo, mpaka ziwa lote likawa jeusi. Nyota ikajitokeza juu ya maji, nyeupe, mkia wake umeinuka na kutanuka, mrefu kuliko alivyowahi kuuota. Hata darubini haikuhitajika. Rispa aliona uzuri ule akalia bila kujificha.

Simu ikalia.

"Mmeiona?" Jacktone aliuliza.

"Tumeiona."

"Hata sisi. Miaka yote hii taa iko usoni, hatujawahi kuangalia juu. Ulipopiga, nilijua ni Mama. Nilikuwa nimeshakaa chini kwa boti ndio nilie. Halafu unasema ni nyota. Rispa, hata ungeniambia nizime mpaka asubuhi, ningezima."

Rispa alitaka kumwomba msamaha. "Washa taa, Baba Monicah," alisema badala yake.

Taa zikarudi moja moja. Ya karibu na kisiwa cha mawe ndiyo iliyochelewa kuliko zote.