Kandambili ya Kushoto Yapanda Ukutani

Watu wakisikia mimi ni mchoraji wa mabango wanadhani nina subira. Sina. Nina mkono usiotetemeka na ngazi nzuri, basi. Habari za subira waulizeni wenye watoto.

Kwa hiyo siku ile dada wa mazoezi ya viungo alipotuambia kwamba mguu wa Chiriku umepona, mimi nilishangilia mapema. Chiriku ni binti wa kaka yangu, na jina hilo la utani tulimpa kwa sababu ya mdomo wake. Aligongwa na pikipiki nje ya geti letu, mguu ukavunjika, ukafungwa plasta, plasta ikatolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa. Lakini mtoto hakusimama. Alikaa chini, akaweka viganja sakafuni, akaanza kusota kwa makalio nyumba nzima, kutoka chumbani mpaka jikoni, na mdomo ukiwa kazini kama zamani.

Dada wa mazoezi hakutuficha. Alisema goti lisipobebeshwa uzito litakakamaa, misuli itanywea, na hapo tutakuwa na habari nyingine ya kuzungumza.

"Ila msimburute," alisema. "Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mtafutieni kitu anachokitaka kuliko anavyoogopa."

Tukatafuta. Kaka yangu, ambaye ni seremala, alimtengenezea kigari cha kusukuma, akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Chiriku akakifanya kitanda cha mdoli wake. Wifi yangu alibembeleza, akaahidi, akatishia, akalia. Mimi nilifoka. Nilimwambia atazeeka amekaa papo hapo mpaka ndevu zimwote. Akaniuliza kama hizi zangu mbili tatu za kidevuni ziliota kwa sababu ya kukaa sana juu ya ngazi. Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu, nami nikaenda zangu uani kwa hasira, nikaosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Baadaye nilirudi jikoni nikamkuta huyo huyo wifi nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, mabega yanamtetemeka. Hakuwa anacheka tena. Nilisimama pale kama mjinga, nikajua hapa hakuna mchezo. Mtoto huyu asipotembea, nyumba hii haitakuwa na raha tena, na mimi katika dunia hii sina ninachojua zaidi ya kuchora.

Nyuma ya mlango wa korido kulikuwa na kandambili ya wifi, ya kijani, ya kushoto. Ya kulia ilishapotea, lakini hii hataki kuitupa. Anasema siku atakayoitupa ndiyo siku mwenzake atakapojitokeza. Nikaitazama vizuri ile kandambili, ilivyosimama peke yake ikiegemea ukuta. Nikaenda kuchukua rangi.

Nilianza wifi akiwa sokoni na Chiriku amelala usingizi wa mchana. Ukutani kando ya kitanda nilimchora Kandambili ya Kushoto, ana macho mawili karibu na kamba, ana kifurushi mgongoni, anaondoka nyumbani kwenda kumtafuta mwenzake. Nilirudi nyuma nikaitazama kazi yangu, nikajisifu kimoyomoyo. Chiriku akaamka, akashuka, akakaa sakafuni, akainua shingo.

"Shangazi, umechora nini huko darini?"

"Kandambili. Anakwenda kumtafuta ya kulia."

"Mimi naona soli tu."

Nilitaka kumjibu vibaya, halafu nikakaa chini kando yake nikatazama. Kweli, ilionekana soli. Sisi wa mabango jambo la kwanza tunalofundishwa ni kupandisha picha juu, aione aliye mbali barabarani. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu wa kuitazama dunia kutoka usawa wa ndoo. Nikapandwa na mori, si kwa mtoto, kwa kichwa changu mwenyewe.

Basi nikahamia korido, nikalala sakafuni kama fundi wa magari, nikachora chini kabisa, juu kidogo tu ya sakafu. Kandambili akakutana na Ufagio, mlinzi wa korido, anayejua miguu ya kila mtu na hajapata kuona uso hata mmoja. Ufagio akamwelekeza kwa Birika, ambaye huzungumza akichemka tu, na akipoa hukataa kila alichosema. Nilichora siku ile na siku iliyofuata, kila Chiriku akilala. Akiamka anasota kutoka picha hii hadi ile, anacheka, ananisomea kwa sauti maneno ambayo mimi sikuyaandika. Nilijiona bingwa.

Wifi akaja akasimama mlangoni. Ukuta ule aliupaka rangi ya maziwa kwa mikono yake, na alikuwa akiwakanya hata wageni wasiuegemee. Akaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamtazama na mwanawe anavyoteleza sakafuni.

"Wifi," alisema.

"Naam, wifi."

"Mimi nauliza tu. Umemchorea mwanangu barabara ya kusotea?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alikuwa amesema kweli tupu. Kwa siku mbili nilikuwa nimempa mtoto sababu nzuri kuliko zote za kubaki chini. Wifi hakugomba. Alikwenda stoo akaniletea kopo la rangi ya maziwa iliyobaki, akaliweka miguuni pangu, akaondoka.

Kesho yake nilifungua kopo, nikachovya brashi pana, nimeshakata tamaa. Chiriku alikuwa amekaa mbele ya picha ya mwisho. Katika picha ile Kandambili amesimama chini ya ukuta, kainua macho. Nilimchora hivyo bila kukusudia, mkono tu ulipenda.

"Shangazi, anaangalia nini huko juu?"

Nikatazama juu. Hakukuwa na kitu, ukuta mtupu. Nikamtazama mtoto. Shingo yake ilikuwa imenyooka, kidevu juu, na kiganja kimoja kimeshika ukuta pasipo yeye kujua.

Nikalifunika kopo.

"Ukiamka leo mchana utajua," nikamwambia.

Kuanzia hapo hadithi ikaanza kupanda. Kandambili alikwea kibao cha kukalia. Kutoka kibao akamwomba Sufuria Aliyekatika Mkono amnyanyue, na huyo, kwa kuwa hana mkono, akamnyanyua kwa mfuniko. Kutoka hapo Vibanio vya Nguo vikashikana kimoja kwa kimoja, vikamteremshia kamba. Kila picha niliipandisha kiganja kimoja juu ya iliyotangulia. Kwanza Chiriku alinyoosha shingo. Halafu alijikalisha wima. Halafu siku moja akaona kipande cha kamba na hakuona aliyekishika. Akajivuta, akapiga magoti yote mawili, uso umemkunjamana.

"Goti linalia," alisema.

"Liambie linyamaze. Tunatazama picha."

Akalipiga kofi dogo, akaendelea kutazama. Mimi nikageukia upande wa pili nikijifanya natafuta kitambaa.

Dada wa mazoezi alipokuja aliusoma ukuta wote, taratibu, ameinama, kisha akanyanyuka pamoja na hadithi. Alicheka pale kwa Birika. Aliponigeukia alisema, "Endelea hivi hivi, shangazi. Usipandishe kwa pupa." Wifi alikuwa amesimama nyuma yake. Jioni hiyo alikuja kuniuliza, kama mtu asiyejali, Birika na Sufuria wanagombania nini. Nikamwambia wanagombania jiko. Kuanzia hapo akawa anawaweka kila mmoja kwenye rafu yake.

Na si yeye tu. Kaka yangu, mtu mzima mwenye kazi zake, alianza kumsalimia ufagio kila asubuhi akitoka. "Habari za lindo?" anauliza, na hangoji jibu, anapita. Nilimwambia umri umeanza kumzidi. Halafu mimi mwenyewe nikaangusha kibanio uani, nikajisikia nakiomba radhi. Nyumba ilikuwa ile ile, vyombo ni vile vile vilivyochakaa, lakini hakuna aliyepita karibu navyo bila kuvitupia jicho, kama vile vingeweza kusema jambo. Nyumba yetu ilikuwa imeingiwa na uhai, na mimi ndiye niliyeutia kwa makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi za watu. Nilifurahi, na niliringa, sikatai.

Picha ya kusimama niliichora penye fremu ya mlango wa korido. Niliipima kwa shingo ya gauni lake la shule nililolitundika kwenye msumari, maana yeye mwenyewe hakuna aliyejua sasa ana kimo gani. Ukipiga magoti uliona miguu ya mtu tu, miguu mikubwa isiyo na viatu. Ya nani, sikuonyesha hapo chini.

Alipoamka sisi tulikuwa jikoni, wifi na mimi, tunajitia hamnazo. Tulimsikia anasota. Akaacha kusota. Akapiga magoti. Kisha tukasikia kiganja kinapapasa mbao za fremu, na pumzi inayovutwa kwa nguvu. Wifi alinikamata mkono, kucha zikaingia nyamani, sikuhisi maumivu. Nikachungulia.

Chiriku alikuwa amesimama. Kashikilia fremu kwa mikono miwili, mguu mmoja umechukua uzito na mwingine unatetemeka, pua yake imekaribia kugusa ukuta. Alikuwa anamtazama baba yake pichani, maana miguu ile mikubwa ilikuwa ya kaka yangu, amemkalisha Kandambili begani, na anamnong'oneza kwamba atafute nje. Aliitazama muda mrefu. Halafu akasema bila kugeuka, "Mbona mmenyamaza? Endeleeni kuzungumza mambo yenu."

Wifi alikaa chini pale pale, juu ya sakafu ya jikoni, akacheka na kulia kwa pamoja. Kaka alipoambiwa alirudi na vumbi la mbao kichwani, akamwomba binti yake amsomee picha yake. Akasomewa akiwa amepiga magoti yeye, mtoto amesimama.

Kutoka mlango ule niliufuata ukuta wa uani unaokwenda hadi getini, picha zote kwa kimo kile kile. Sasa mtoto hakuwa na budi kutembea. Alijishika ukuta kwa kiganja, akavuta mguu, akapumzika kwenye picha, akavuta tena. Mimi nilichora mbele yake. Kila alipolala niliongeza kipande, na kila alipoamka alikuta kipande kinamngoja, naye akakifuata mpaka kikaisha, akarudi. Ukuta wa uani ni mrefu, nikapanga mambo yangu kwa raha. Nilikuwa hata sijaamua kama Kandambili atampata mwenzake au la. Niliona nina nafasi tele.

Ilikuwa asubuhi, nimechuchumaa na kopo la kijani, ndiyo kwanza naanza kuchora kamba ya Kandambili, niliposikia hatua nyuma yangu. Moja nzito, moja nyepesi. Sikugeuka, nilidhani ni wifi amebeba ndoo.

"Shangazi, inayofuata iko wapi?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Ukuta ulikuwa upande wake wa kushoto, na mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma ya mgongo, kama mkaguzi.

"Sijaichora bado," nilisema.

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mama."

"Amempata mwenzake?"

"Hata mimi sijui."

Aliutazama ukuta uliobaki, mweupe mpaka getini. Aliona mimi ni wa polepole mno, hilo lilikuwa wazi usoni mwake. Akanipita. Akalipita kopo langu, akaipita sehemu ambayo ningeichora kesho, na ambayo ningeichora keshokutwa, anachechemea, hagusi kitu. Nilibaki na brashi inanidondoshea rangi kwenye goti. Alipofika getini alisimama, akanigeukia.

"Fungua. Tukamtafute nje. Na usinishike mkono."

Nje ya geti ndipo alipogongwa. Tangu siku ile hakuwa ametia mguu pale, alipitishwa tu akiwa amebebwa, uso ameuficha begani kwa baba yake. Nililia, sina haja ya kuficha. Nilifungua geti na machozi yakinitiririka, na wifi alikuwa ameshatoka mlangoni anakuja mbio na mwiko mkononi, nikamzuia kwa kiganja.

Chiriku alitazama kushoto. Akatazama kulia. Pikipiki ikapita, akaingoja ipite mpaka mlio wake ukaisha, mabega yamempanda hadi masikioni. Kisha akavuka, peke yake, mbele yetu. Ng'ambo ya barabara kuna fundi cherehani, mtu mkavu, hana utani na mtu, hata salamu anakujibu kwa kichwa. Chiriku alisimama mbele ya cherehani yake.

"Shikamoo. Umeona kandambili ya kijani? Ya kulia."

Fundi aliondoa miguu kwenye cherehani, mashine ikanyamaza. Alimtazama mtoto kutoka uso mpaka miguu, na pale miguuni akakawia kidogo. Akavua miwani.

"Marahaba. Ya kijani?" aliuliza. "Ndiyo kwanza imepita hapa. Imeelekea kule, na ilikuwa na haraka."

Chiriku akaongeza mwendo.