Pini Mdomoni
...na sasa binti yake anauliza tena, simu iko dirishani, imewekwa spika, "Mama, ndiyo au hapana? Mwenye nyumba amesimama hapa, ananisubiri," naye atajibuje wakati pini zimejaa mdomoni, amepiga magoti barabarani anakunja upindo wa gauni la shoga yake muuza mkate, ambaye hajui kusimama bila kucheka, tulia basi wewe, anamwambia kwa macho... nyumba yenyewe iko bondeni, mlango wa pili kutoka kwa binti, sakafu ya vigae, hakuna kupanda wala kushuka, "na magoti yako, Mama," kweli, magoti, Mungu anayajua, jana kapanda mlima na kapu la vitambaa akipumzika kila kona, mpaka jirani akamuuliza kama anakagua nyumba za watu, angemjibu kama pumzi ingekuwepo... na huko kuna chumba cha kushonea, mteja asimame ndani, mbele ya kioo, siyo hapa ambapo cherehani na kitanda vimejaza chumba na wateja wakatolewa nje, na nje ni mteremko mtupu, ndiyo maana kila gauni lake ni fupi mbele na refu nyuma, mtu akipanda kwake limekaa sawasawa na ardhi, akishuka kwenda baharini mbele linamkimbilia magotini, nyuma linafagia barabara, na mtaa mzima hakuna aliyewahi kulalamika, wamezoea, ila harusi ya binti, jamani, ukumbi tambarare, mbele viatu vya bi harusi vinaonekana vyote na nyuma mkia unaburuta, yeye kajificha nyuma ya nguzo anatamani ardhi ipasuke immeze, mara shangazi mtu akatangaza kwamba ndio mtindo mpya, wiki iliyofuata wanawake wa bondeni wakapanda mlima wanahema, wanataka kama lile... "Mwanangu, mama yako ana pini mdomoni!" anapaza sauti muuza mkate, "Shikamoo, mama mkubwa," "Marahaba, hujambo?" "Sijambo... ile mikate iliyoungua chini, bado ipo?" "Ipo, mmoja nauweka pembeni kila siku, mazoea tu, nikikumbuka hupo naula mwenyewe," na binti anacheka, kisha kicheko kinakatika ghafla, na katika kimya kile fundi anasikia nyumba ya binti kule bondeni ilivyo, friji linanguruma, basi, hakuna anayemwita mwenzake dirishani, hakuna mlango unaobamizwa, na mume wa mtoto yuko safarini miezi yote... kumbe! wiki nzima wanaongelea magoti, magoti, na mwenye maumivu ni mwingine, mtoto wake mwenyewe, mkaidi kama baba yake, hawezi kusema nimekukumbuka Mama mpaka atafute nyumba ya kupanga, na yeye fundi alitaka kusema ndiyo, akajifungie naye kimya, wawe wapweke wawili wanaosikiliza friji... hapana, chumba cha juu kwa fundi viatu jirani kiko wazi, binti arudi apange huko, dirisha linatazama bahari, atapanda huyo, atahema, atamnung'unikia mama yake kila kona, na atafika, "Geuka," anamwashiria muuza mkate, zimebaki pini mbili, anachomeka moja kwa furaha, "Mama? Bado upo?" yupo, mwanangu, yupo, na haondoki.